Acquaviva Collecroce: kijiji cha Wakroatia katika vilima vya Italia

Katika mkoa wa Molise, upande wa Italia unaotazama Bahari ya Adria, kuna kijiji kidogo kilichojengwa juu ya kilima, mita zipatazo 425 kutoka usawa wa bahari. Ramani za serikali zinakiita Acquaviva Collecroce. Wenyeji wenyewe wanakiita Kruč, na wanapotaka kulitaja jina kamili husema Živavoda Kruč. Wenyeji hao ni wazao wa Wakroatia waliovuka bahari kutoka Dalmatia, yaani pwani ya Kroatia iliyo ng'ambo ya Adria, mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, na hadi leo wapo miongoni mwao wanaozungumza lugha waliyokuja nayo mababu zao. Vijiji viwili vya jirani, Montemitro na San Felice del Molise, vina asili hiyohiyo, na kwa pamoja vitatu hivi ndivyo vilivyosalia kati ya vijiji vingi vilivyowahi kukaliwa na watu wa jamii hiyo katika eneo lililo kati ya mto Trigno na mto Biferno.

Habari za Kruč huelezwa mara nyingi kama muujiza wa ukaidi, yaani habari ya watu wachache waliokataa kumezwa na majirani zao kwa miaka 500. Maelezo hayo yanavutia, na sina nia ya kuwanyima wenyeji sifa yao, lakini kwa maoni yangu hayatoshi, kwa sababu yanaiacha kando hesabu ya watu. Nikiifuata historia ya kijiji hiki tangu mwanzo, naona kwamba lugha yake ilidumu kwa kadiri kijiji kilivyoweza kuwalisha watu wake palepale kilimani, na kwamba ilianza kudhoofika pale riziki ilipoanza kupatikana mbali na mashamba ya kijiji. Amri za serikali zilichangia, ila hazikuwa chanzo kikuu.

Ni vyema tuanze na ardhi yenyewe kabla ya watu. Tarehe 5 Desemba 1456 tetemeko kubwa liliipiga Italia ya kati na ya kusini, na Molise ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Makumi ya maelfu ya watu walikufa katika Ufalme wa Napoli, na vijiji vingi vya milimani vikabaki magofu. Maradhi ya tauni nayo yalikuwa yamekwisha kupunguza idadi ya watu katika karne iliyotangulia. Kwa bwana aliyemiliki ardhi katika zama hizo, shamba lisilo na mkulima lilikuwa hasara tupu, kwani hapakuwa na wa kulima ngano, wa kutoa fungu la mavuno wala wa kulipa kodi. Ndiyo sababu wamiliki wa ardhi za Molise, makabaila kwa viongozi wa Kanisa, walikuwa tayari kuwapokea wageni na kuwapa makazi kwa masharti ya kulima. Acquaviva yenyewe ilikuwa milki ya Shirika la Mtakatifu Yohane, lile la askari watawa ambao baadaye walijulikana kwa jina la kisiwa cha Malta. Wakroatia hawakuwa wageni pekee waliopokelewa. Waalbania nao walivuka bahari katika zama hizohizo, na vijiji vyao vya Ururi, Portocannone, Campomarino na Montecilfone viko umbali mdogo tu kutoka Kruč.

Upande wa pili wa bahari watu walikuwa na sababu zao za kuondoka. Majeshi ya Dola la Osmani yaliiteka Bosnia mwaka 1463, yakaimaliza Herzegovina mwaka 1482, na tarehe 9 Septemba 1493, katika uwanda wa Krbava, jeshi la Kroatia lilishindwa vibaya na makabaila wake wengi wakauawa au wakatekwa. Ngome ya Klis, iliyoilinda njia ya kushukia Split, ilianguka mwaka 1537. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na miaka mingi ya uvamizi mdogo mdogo ambao haukuandikwa katika vitabu vya vita, lakini ambao kwa mkulima ulikuwa mzito kuliko vita vyenyewe: mifugo ilichukuliwa, mavuno yalichomwa na vijana walipelekwa utumwani. Aliyeishi nyuma ya milima ya pwani ya Dalmatia alikuwa na bahari mbele yake, na ng'ambo ya bahari hiyo kulikuwa na ufalme wenye ardhi tupu na mabwana wenye kutafuta mikono ya kazi. Kwa chombo cha matanga, safari hiyo haikuwa ndefu.

Mashaka ya upande mmoja, basi, yalikutana na uhitaji wa upande mwingine. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wakimbizi huelezwa siku hizi kana kwamba daima ni mzigo kwa wanaowapokea, ilhali katika Molise ya karne ya 16 ni wakimbizi ndio waliorudisha moshi wa majiko katika vijiji vilivyokwisha kufa. Ushahidi mmoja mzuri uko Palata, mji mdogo wa jirani, ambako maandishi ya Kilatini ya kanisani yenye mwaka 1531 yanasema kwamba watu wa taifa la Dalmatia ndio waliokuwa wa kwanza kukaa katika ngome hiyo na kulijenga kanisa hilo tangu msingi. Waliochonga maneno hayo walitaka ijulikane kwamba hawakuja kuombaomba.

Masimulizi ya wenyeji yanaeleza mambo kwa njia fupi zaidi. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mababu walitoka ng'ambo ya bahari na kufika siku ya Ijumaa ya mwezi wa Mei wakiwa wamebeba sanamu ya mtakatifu. Katika kijiji cha Montemitro mtakatifu huyo ni Lucia, na mpaka leo Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Mei ni sikukuu yake, ambapo sanamu hutolewa kwa maandamano. Wanahistoria wanaelekea kukubaliana kwamba watu hawakufika kwa safari moja, bali kwa makundi mbalimbali katika kipindi cha miongo kadhaa. Hata hivyo sioni kwamba masimulizi hayo ni ya kudharauliwa. Jamii isiyokuwa na waandishi ililazimika kuzikusanya safari nyingi katika siku moja inayoweza kukumbukwa, ikaifungamanisha na ibada inayorudi kila mwaka, na kwa njia hiyo watoto waliozaliwa vizazi kumi na zaidi baadaye bado walijua kwamba asili yao ni ng'ambo.

Swali la mahali hasa walikotoka limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja, na kwa kuwa hakuna orodha ya abiria, jibu limetafutwa katika lugha. Lahaja ya Kruč ni ya kundi la Kishtokavia, mojawapo ya makundi makuu ya lahaja za Kikroatia, na katika kundi hilo ni ya tawi linalotumia irabu “i” mahali ambapo Kikroatia sanifu kina “ije”. Kizuri, ambacho kwa Kikroatia sanifu ni lijep, huko ni lip. Sifa hizo, pamoja na nyingine za matamshi na msamiati, zimewaelekeza watafiti kwenye sehemu za bara la Dalmatia zilizo kati ya bonde la mto Neretva na nchi iliyo nyuma ya mlima Biokovo, karibu na Makarska na Imotski. Mtaalamu mmoja huisogeza alama kidogo upande huu na mwingine upande ule, lakini eneo ni hilohilo, na ndilo lililokuwa likipata mapigo ya Waosmani katika miaka tuliyoitaja.

Yafaa kukumbuka ukubwa wa makazi hayo ya awali, kwa kuwa anayeitazama Kruč peke yake anaweza kudhani kwamba walikuja watu wachache tu. Walikaa Palata, Tavenna, Mafalda, ambayo zamani iliitwa Ripalta, San Giacomo degli Schiavoni na kwingineko. Mji wa San Giacomo umebaki na kumbukumbu hiyo katika jina lake, kwa kuwa Schiavoni lilikuwa jina ambalo Waitalia waliwaita Waslavi waliotoka ng'ambo ya Adria. Sehemu zote hizo hatimaye zilibadili lugha, nyingine mapema na nyingine kwa kuchelewa. Tavenna ilikuwa bado na wasemaji wake hadi karibu na mwanzo wa karne ya 20. Vijiji vilivyokuwa karibu zaidi na bahari, na vile vilivyokuwa na wakazi wa Kiitalia wa kutosha kuoleana nao, vilitangulia kuipoteza lugha.

Kruč, Montemitro na San Felice vilisalia kwa sababu viko ndani zaidi, juu ya vilima, mahali ambapo wafanyabiashara hawakuwa na haja ya kupita mara kwa mara. Watu walilima ngano, wakatunza mizeituni na mizabibu, wakafuga kondoo. Kijana wa Kruč aliweza kuoa Kruč au Montemitro bila kulazimika kubadili lugha ya nyumbani. Padri na mtoza kodi walisema lugha nyingine, na mkulima alijifunza kiasi cha kumtosha kuelewana nao, kisha akarudi nyumbani kwa watu wake. Hali hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Upweke uliohifadhi lugha ndio uliohifadhi pia umaskini na ujinga wa kusoma na kuandika, na anayetamani zama hizo zirudi kwa ajili ya lugha anapaswa kujiuliza kama yeye mwenyewe angekubali kuishi hivyo.

Si kwamba kijiji kilikuwa nje ya dunia. Mwaka 1799, wakati wafuasi wa mawazo ya Mapinduzi ya Kifaransa walipounda jamhuri ya muda mfupi huko Napoli, miongoni mwao alikuwamo Nicola Neri, daktari aliyezaliwa Acquaviva Collecroce mwaka 1761. Jamhuri hiyo iliangushwa ndani ya mwaka huohuo, mfalme akarudi, na Neri akanyongwa pamoja na wengine wengi. Kijiji kinamkumbuka mpaka leo.

Lakini huko Dalmatia kwenyewe kijiji kilikuwa kimesahauliwa, na jinsi kilivyogunduliwa upya ni sehemu ninayoipenda sana katika historia hii. Mwaka 1855 Medo Pucić, mshairi na msomi kutoka Dubrovnik, alikuwa safarini Italia. Huko Napoli alimsikia fundi cherehani akizungumza na mkewe kwa maneno yaliyofanana mno na lugha yake mwenyewe. Alipomuuliza, fundi akamweleza kwamba anatoka Živavoda Kruč. Zaidi ya miaka 300 ilikuwa imepita tangu mababu wa fundi huyo waivuke bahari, na mtu wa Dubrovnik aliweza kumsikiliza na kumwelewa. Pucić aliitangaza habari hiyo, na tangu hapo wasomi wakaanza kupanda vilima vya Molise. Mwaka 1904 alifika mwanasiasa Josip Smodlaka, mzaliwa wa Imotski, ambaye bila shaka alisikia katika vinywa vya wenyeji mambo mengi ya kwao. Mwaka 1911 Milan Rešetar, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Dubrovnik, alichapisha huko Vienna kitabu kikubwa cha Kijerumani kuhusu makazi hayo, historia yake na lahaja yake, na kila mtafiti aliyefuata amelazimika kuanza na kazi hiyo.

Wakati wasomi wanapanda kuja, wanakijiji walikuwa wameanza kuteremka kwenda zao. Hapo ndipo hesabu ya watu inapoanza kubadilika.

Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka 1861, na sheria ya mwaka 1877 ikafanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa watoto. Shule ilikuja kwa Kiitalia, jeshi lilikuwa la Kiitalia, na karatasi zote za ofisini ziliandikwa kwa Kiitalia. Baadaye, chini ya utawala wa Mafashisti, hata jina la kijiji cha jirani lilibadilishwa. Kijiji kilichoitwa San Felice Slavo, yaani cha Waslavi, kiliitwa San Felice Littorio, kwa jina la alama ya chama hicho, na baada ya vita ndipo kikaitwa San Felice del Molise. Majina ya koo nayo yalikuwa yamekwisha kupata sura ya Kiitalia kwa muda mrefu, ingawa anayejua Kikroatia anaweza kuitambua asili yake katika majina kama Staniscia, Jurescia na Mirco. Mambo haya yaliumiza, na sioni sababu ya kuyapuuza. Hata hivyo watu wa Kruč waliyapokea yote hayo wakaendelea kusema lugha yao nyumbani na shambani, kwa kuwa jirani alikuwa bado ni yuleyule na shamba ni lilelile.

Kilichokuwa kizito zaidi ni uhamaji. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, Italia ya kusini ilimwaga watu wake katika bara la Amerika, na vijiji hivi vilitoa sehemu yake. Vita vya pili vya dunia vilipofika, bonde la Trigno liligeuka kuwa uwanja wa mapigano. Mwezi wa Oktoba 1943 majeshi ya Uingereza yalipigana na Wajerumani kwanza huko Termoli, bandari iliyo karibu, na baada ya hapo katika kuuvuka mto Trigno. Amani ilipopatikana, kijiji kilibaki na mashamba yaleyale madogo yaliyogawanywa vizazi baada ya vizazi, na safari hii milango ya nje ilikuwa wazi kuliko wakati wowote. Italia ilifanya mkataba wa kupeleka wafanyakazi Ubelgiji mwaka 1946, Australia mwaka 1951 na Ujerumani Magharibi mwaka 1955. Viwanda vya kaskazini mwa Italia navyo vilihitaji watu. Vijana wa vijiji vitatu walikwenda huko kote, na kundi moja kubwa lilijikita Perth, Australia Magharibi, kiasi kwamba lugha ya Molise ikawa inasikika upande wa pili wa dunia.

Katikati ya karne ya 20 Acquaviva Collecroce ilikuwa na wakazi zaidi ya 2,000. Mwanzoni mwa karne ya 21 walikuwa wamebaki 700 na kitu, na tangu hapo wameendelea kupungua. Montemitro, kilicho kidogo zaidi kati ya vitatu, sasa kinahesabu watu wake kwa mamia machache tu. Maana ya namba hizi ni pana kuliko kupungua kwa jumla, kwa sababu hawaondoki watu wa kila umri kwa usawa. Anayeondoka ni kijana aliye karibu kuoa au kuolewa, na anapoondoka huenda na watoto ambao bado hajawazaa. Kijiji kinachopoteza watu 100 wa umri wa miaka 25 kimepoteza pia darasa la shule la miaka kumi ijayo. Mzee hubaki, na lugha hubaki naye, lakini mzee hana wa kumfundisha.

Kuna jambo jingine ambalo sensa haiwezi kulionyesha. Wale waliokwenda Perth waliondoka pamoja, wakakaa karibu, wakaoana, na kwa hiyo baadhi yao waliendelea kusema lugha ya kijiji ilhali nduguyao aliyehamia Roma au Torino, karibu zaidi na nyumbani, aliiacha baada ya kizazi kimoja. Kwa upande wa lugha, basi, umbali wa ramani haukuwa na maana kubwa. Kilichohesabika ni kama watu walisafiri kama kundi au mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo nadhani kwamba anayetaka kujua idadi ya watu wa Kruč hawezi kutosheka na daftari la manispaa peke yake. Anapaswa kuziweka pia katika hesabu nyumba za ng'ambo ambamo kijiji kinaendelea kusemwa, hata kama wenye nyumba hizo wanapiga kura kwingine.

Waliobaki hawakukaa kimya. Mwaka 1967 lilianza kutolewa jarida lililoitwa Naš jezik, yaani Lugha Yetu, kazi ya watu wa vijiji hivi wenyewe wakati ambapo hakuna ofisi ya serikali iliyokuwa ikijali jambo hilo. Mwaka 1996 Italia na Kroatia zilitia saini mkataba wa haki za jamii ndogo za kila upande, na tarehe 15 Desemba 1999 bunge la Italia likapitisha sheria namba 482, ambayo inazitambua jamii 12 za lugha zilizoishi Italia tangu zamani, Kikroatia kikiwa mojawapo. Mwaka huohuo ulianzishwa huko Montemitro mfuko unaobeba jina la Agostina Piccoli, mtafiti wa kijiji hicho aliyefariki akiwa bado kijana. Yeye na Antonio Sammartino walitayarisha kamusi ya lahaja ya Montemitro, iliyotoka mwaka 2000. Kwa upande wa vyuo vikuu, Walter Breu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ametumia miongo mingi kurekodi mazungumzo ya vijiji vyote vitatu na kueleza sarufi yake.

Kazi hizo zimeonyesha kwamba lugha hii haikukaa kama kitu kilichofungiwa kabatini tangu mwaka 1500. Imeishi, na kwa kuishi imebadilika. Kikroatia kina jinsi tatu za nomino, lakini katika Molise jinsi ya tatu, ile isiyo ya kiume wala ya kike, imepotea katika nomino, kama ambavyo Kiitalia hakina. Neno la “moja” limeanza kutumika mbele ya nomino kwa namna ambayo Waitalia hulitumia na ambayo Kikroatia cha nyumbani hakiijui. Msamiati wa Kiitalia, hasa wa lahaja za Molise, umeingia katika kila sehemu ya maisha. Wapo wanaouona mchanganyiko huo kama uchafu. Mimi nauona kuwa ni ushahidi kwamba watu hawa walikuwa wakiitumia lugha yao kwa mahitaji ya kila siku, kwa sababu lugha inayotumika kwa mambo mapya hukopa.

Hali ya sasa si sawa katika vijiji vitatu. Montemitro kimehifadhi lugha vizuri zaidi, Kruč kinafuata, na San Felice kimebaki na wasemaji wachache ambao wengi wao ni wazee. Kwa pamoja wasemaji hai wanakadiriwa kuwa kama 1,000 au chini ya hapo, na UNESCO imeiweka lugha hii katika orodha ya zile zilizo katika hatari kubwa. Wenyeji wanaiita na-našu, yaani kwa namna yetu, na ukimsikia mtu wa Kruč akimuuliza mwingine kama anajua kusema namna hiyo, ujue anamuuliza kama ni wa kwao. Mila nazo zipo. Kila tarehe 1 Mei huko Kruč hutengenezwa sanamu ya mabua inayoitwa Maja, ikavishwa maua na mazao ya shambani, ikazungushwa kijijini kwa nyimbo za kuomba mavuno mema. Katika ukuta wa kanisa la Santa Maria Ester kuna jiwe lenye maneno matano ya Kilatini ya SATOR AREPO TENET OPERA ROTAS, yaliyopangwa kwa mraba ili yasomeke sawasawa kutoka kila upande, na wageni wengi hufika kwa ajili ya jiwe hilo bila kujua kwamba wamesimama katika kijiji cha Wakroatia.

Serikali ya Molise nayo imeanza kuona hatari ya kubaki na vijiji vitupu. Mkoa wote una watu wasiofika 300,000, na karibu kila kijiji cha vilimani kinalia kilio kilekile cha Kruč. Mwezi wa Septemba 2019 mkoa ulitangaza kwamba utampa euro 700 kila mwezi, kwa miaka mitatu, mtu atakayehamia katika kijiji chenye wakazi chini ya 2,000 na kuanzisha shughuli ya kiuchumi. Mpango huo ulisikika duniani kote. Ninauheshimu kwa kuwa unagusa chanzo, yaani riziki, na kwa kuwa unakumbusha yale waliyoyafanya wamiliki wa ardhi baada ya tetemeko la 1456. Tofauti ni kwamba wakati ule zilikuja familia nzima zenye lugha moja na mtakatifu wao, na siku hizi huenda akaja mtu mmoja mwenye kompyuta. Mtu huyo anaweza kuifungua tena nyumba iliyofungwa, na hilo ni jema, lakini hawezi kuwa msemaji wa na-našu isipokuwa kuna watu wa kutosha barabarani wa kumlazimisha ajifunze.

Suala ambalo bado linawagawa wanaoitakia jamii hii mema ni la shule. Kroatia imekuwa ikisaidia ufundishaji wa Kikroatia katika vijiji hivi, na msaada huo ni wa shukrani. Lakini lugha inayofundishwa kwa vitabu vya kutoka Zagreb ni Kikroatia sanifu, na mtoto anayemsikia bibi yake akisema lip kisha akaambiwa darasani kwamba sahihi ni lijep anaweza kufikia uamuzi kwamba bibi yake anakosea. Mimi ninaungana na wale wanaotaka lahaja ya kijiji itangulie darasani, iandikwe na kusomwa kama ilivyo, na Kikroatia sanifu kifuate baadaye kama lugha ya pili yenye manufaa ya masomo na safari. Kamusi ipo, rekodi zipo, sarufi imeandikwa, na sheria namba 482 inaruhusu lugha ya jamii kutumika katika shule za awali na za msingi pamoja na Kiitalia. Kinachohitajika kwa haraka ni walimu waliozaliwa palepale, nao watapatikana tu iwapo mshahara wa ualimu wa Kruč utamtosha kijana asilazimike kutafuta kazi Termoli, Roma au Perth.